Majuma ya Kwanza ya Mtoto wa Mbwa

Watu wengi wanaofuga mbwa wa ulinzi huamini kwamba mbwa hodari ni yule aliyefungwa mnyororo tangu utotoni, asiyemjua mtu ila bwana wake, na aliyezoeshwa fimbo hata akawa mkali. Imani hii haikuzuka bure, kwani mbwa aliyelelewa hivyo kweli huuma. Lakini hachagui wa kumuuma. Humng'ata mwizi, humng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake uani, na pengine siku moja humng'ata mwenyewe anayempa chakula. Wataalamu wa tabia za wanyama wameonyesha kwamba ukali wa namna hiyo aghalabu ni hofu tupu, na kwamba hofu hiyo hupata mizizi katika muda mfupi sana wa utoto.

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka baada ya majuma mawili hivi, na masikio huanza kusikia katika juma la tatu. Kabla ya hapo hawezi hata kukojoa peke yake. Sharti mama amlambe ndipo mkojo utoke. Kuanzia juma la tatu mambo hubadilika upesi. Mnyama huyu huanza kutembea, kucheza na ndugu zake na kuwauma kwa mzaha. Na kilio cha aliyeumwa humfundisha kupima nguvu za meno yake. Katika siku hizo kila kitu kipya humvutia kuliko kinavyomtisha. Baadaye hali hiyo hugeuka, na kitu kigeni huwa ni cha kukimbiwa.

Ushahidi ulio maarufu ulitoka Bar Harbor, katika jimbo la Maine huko Marekani. Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walitangaza matokeo ya jaribio lao katika jarida la Science. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao katika uwanja uliozungushiwa ua mrefu, bila kukutana na binadamu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja tu wakae na watu, wengine wakiwa na umri wa majuma mawili, wengine matatu, matano, saba au tisa, kisha wakarudishwa uwanjani. Kundi moja halikutolewa kamwe hadi juma la 14. Wale waliotolewa mapema walizoea watu, hasa waliotolewa kati ya juma la tano na la tisa. Wale waliongoja hadi juma la 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni: waliwakimbia watu, na juhudi za kuwazoesha baadaye hazikufua dafu. Mbegu ilikuwa ile ile na chakula kilikuwa cha kutosha. Kilichopungua ni siku chache za kukaa na watu. Scott na Fuller, waliofanya kazi mahali hapo hapo, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba muda huo wa kuzoea huanza yapata juma la tatu na kufungwa karibu na juma la 12.

Mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani katika juma la nane, basi, mwenye nyumba amebakiwa na mwezi mmoja tu wa kazi hii. Yafaa autumie. Kijibwa aone mtu aliyebeba mzigo kichwani, mzee mwenye mkongojo, watoto wa shule wanaopiga kelele, mwavuli unaofunguliwa ghafla. Asikie pikipiki na ngurumo ya mashine ya kusaga. Kila jambo lije kwa mbali kwanza, tena kwa muda mfupi, huku akipewa vipande vidogo vya chakula. Akijikunyata, asiburutwe, arudishwe nyuma hatua kadhaa. Tahadhari moja ni ya lazima. Virusi vya parvo, vilivyoenea duniani tangu mwaka 1978, huua watoto wa mbwa kwa kuwaharisha damu, navyo hukaa muda mrefu katika udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kwa sababu hiyo kijibwa asiyemaliza chanjo zake abebwe mikononi au kikapuni, asitembezwe majalalani wanakopita mbwa wengine.

Hakuna haja ya mbwa kuingia ndani ya nyumba ili mafunzo haya yafanyike. Katika nyumba nyingi za Waislamu mbwa hukaa nje, na uani panatosha kabisa.

Swali linalofuata ni namna gani mnyama huyu hujifunza. Mrusi Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia mlio uliozoea kutangulia chakula. Mmarekani Thorndike, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1898, aliwafungia paka katika masanduku na kuona kwamba tendo linaloleta faida hurudiwa. Mwaka 1951 Skinner aliyaunganisha mambo haya mawili katika makala iliyosomwa na watu wengi: mzoeshe mbwa kwamba mlio mfupi wa kidude cha kubofya maana yake ni chakula, kisha utoe mlio huo papo hapo anapotenda unachotaka. Mlio husema "hilo ndilo", na chakula huja sekunde moja au mbili baadaye.

Njia hiyo hiyo hutumika Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Watoto wa panya hao huzoeshwa watu na sauti za dunia mara macho yao yanapofumbuka. Mafunzo ya mlio na chakula huja baadaye. Fimbo haina kazi katika shule hiyo.

Chanzo cha makosa mengi ya wafugaji ni muda. Mtoto wa mbwa aliyekojoa sebuleni asubuhi na kupigwa saa sita mchana hawezi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Anachojifunza ni kumwogopa mtu anayerudi nyumbani. Mwenye mbwa hudai, "Anajua kosa lake, tazama anavyoinamisha kichwa!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa New York alilipima dai hilo kwa mbwa 14. Uso wa "kukiri kosa" ulitokea bwana alipogomba, hata kama mbwa hakuwa ametenda kosa lolote. Dawa ya mkojo ni kumpeleka kijibwa mahali pake mara aamkapo, mara amalizapo kula (kwa kuwa tumbo linapojaa utumbo hupata mwamko) na mara amalizapo kucheza; akifanya haja hapo, apewe tuzo hapo hapo. Panapochafuliwa paoshwe barabara, maana harufu humwita arudi.

Yote haya yangekuwa mambo ya starehe tu kama si kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mbwa aliyezoea kushikwa huchanjwa bila mapambano; aliyelelewa kwa mnyororo humshinda hata bwana wake siku ya chanjo, akarudishwa nyumbani bila sindano. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwani dalili zikishatokea tiba haipo.

Wanafunzi wanaweza kuyapima mafunzo haya wenyewe. Chagua neno moja, "Kaa!", na umfundishe mtoto wa mbwa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Andika kila mara ni mangapi aliyoyatii, uchore grafu ya siku 14. Mwanafunzi wa pili afanye vivyo hivyo na ndugu wa kijibwa huyo, ila acheleweshe chakula kwa sekunde kumi. Mistari miwili ya grafu iwekwe juu ya karatasi moja.