Amri Isiyosema Yote

Mtu akimwambia mdogo wake, "Peleka barua posta," bila kutaja ipi, mtoto afanyeje? Achukue zote zilizo mezani, au ile moja aliyokuwa akiiandika kaka yake? Swali hili liliwashughulisha sana watengenezaji wa Git, programu ya kutunza historia ya kazi, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005.

Katika Git kazi hugawanywa kwa matawi: moja la kazi iliyokamilika, jingine la majaribio, na kadhalika. Nikiwa tayari, huipeleka kazi yangu kwenye ghala la pamoja kwa amri ya git push. Je, nikiandika hivyo tu, nisitaje tawi? Zamani programu ilipeleka kila tawi langu lenye jina sawa na tawi lililomo ghalani. Desturi hiyo ilimfaa mtu aliyeyatengeneza matawi yake yote kwanza, ndipo akayapeleka pamoja. Kwa kundi la watu ilikuwa hatari. Mtu yumo katika tawi la majaribio, anataka kupeleka hilo tu, kumbe na tawi kuu alilolichezea juma lililopita nalo laondoka! Na kama tawi lake limebaki nyuma, ghala hulikataa. Asiyeelewa huongeza --force ili kulazimisha, na hapo matawi yake ya zamani hufuta kazi mpya ya wenzake.

Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2014, lilibadili mambo. Amri tupu hupeleka tawi moja tu, lile ulimo, tena jina lake lilingane na la tawi linalofuatwa ghalani. Yasipolingana, programu hukataa na kukueleza namna ya kusema unachotaka. Anayependa desturi ya kale aweza kuirudisha kwa kuweka push.default kuwa matching.

Mimi nausifu uchaguzi huu. Aliyepeleka kidogo mno atapeleka tena baada ya dakika moja. Aliyepeleka mengi mno amekwisha gusa kazi ya watu, na pengine hana habari. Tena mabadiliko hayakuja ghafula, maana programu ilitoa onyo muda mrefu kabla. Wengine waliliona kero, lakini vidole vilivyozoea havibadiliki kwa siku moja.

Kwa git pull, iletayo kazi ya wenzako, walifanya vingine. Tangu mwaka 2021, kazi yako na yao zikiwa zimeachana njia, programu haichagui: hungoja useme kama ziunganishwe, au yako ipangwe juu ya yao.