Kipanya kilipotuchezesha ndombolo

Wewe msomaji unayepanda magari ya lami tu, hii haikuhusu, ila soma. Siku hiyo natoka kijijini kwa shangazi, naifuata njia kuu pale Misigiri nidake basi la Singida mjini. Mapajani nimepakata trei ya mayai. Siti ya mbele jirani wa shangazi kamshikilia mkewe, tumbo la miezi minane, anawahishwa hospitali ya Kiomboi.

Barabara ya vumbi, kiangazi, vijituta vimejipanga kama bati la migongo. Tulipogusa spidi 30 kipanya kikaanza. Ndombolo tupu! Meno yanagongana, yule dada kauma khanga.

"Suka, kanyaga itatulia," konda akasema.

Suka akakanyaga. 40, balaa linazidi. 45, kama mtu kazima swichi: kimyaaa! Tukashusha pumzi. Kumbe hapo ndipo pabaya. Ikaja kona, suka akakata usukani, gari likateleza kando kama limekanyaga sabuni. Tuliponea kwenye majani.

Piga hesabu nami. Kituta hadi kituta tuseme sentimita 80. Kwa spidi 30 gurudumu linapigwa kama mara 10 kila sekunde, na magurudumu ya magari mengi mdundo wao ni huo huo, kati ya 10 na 15. Ni bembea: ukimsukuma mtoto kwa wakati wake, anapaa. Ukizidisha spidi gurudumu halipati muda wa kushuka bondeni, linaruka kichwa hadi kichwa. Raha, lakini tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki.

Kilichonishangaza zaidi ni wakati wa kupunguza. Kupanda, mtikisiko ulikatika kwenye 45. Kushuka, 45 shwari, 40 shwari, 35 ghafla paa! Spidi ile ile ya 40, tabia mbili. Fundi mmoja kanieleza: gari limejaza, shokapu zimekwisha, springi inagonga raba ya kuzuia na hapo inakuwa ngumu mara moja. Springi ya hivyo hutulia au hucheza kutegemea imetokea wapi. Mjerumani Georg Duffing aliandika kitabu kuhusu mitetemo ya aina hii mwaka 1918, na wanafunzi wa uhandisi bado wanaumizwa kichwa na hesabu yake.

Tuliporudi barabarani, yule mume akasema taratibu, "Braza, bora tuchelewe."

Konda akataka kubisha, abiria tukamzomea. Suka akashika 15. Gari linatikisika, ndiyo, lakini vituta vitano kwa sekunde unavumilia. Boda boda zinatupita, mbuzi wanatuangalia. Misigiri tulifika jua limeshazama, wao wakahamishiwa taksi ya Kiomboi, mimi nikahesabu mayai: 30 yamebaki 11.

Shangazi kanipigia wiki ya tatu. Mtoto wa kike, kilo tatu. Habari za mayai hakuuliza.