Sabasaba kwa Mtafuta Kazi: Mtembezi au Mgaagaa?

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kugombana. Ya kwanza yasema mtembezi hula miguu yake. Ya pili yasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kila mwaka, mwezi Juni unapoelekea ukingoni, ugomvi wa methali hizo huhamia majumbani mwetu, Mbagala na Tandika, Mwananyamala na Tandale. Kijana aliyemaliza masomo na asiye na kazi humwomba mama yake nauli na kiingilio ili aende kwenye Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yale tunayoyaita kwa kifupi Sabasaba. Mama, ambaye fedha hiyo ndiyo mboga ya jioni, huuliza swali moja tu: "Unakwenda kutafuta kazi au unakwenda kutembea?"

Swali hilo ni la haki, ndugu msomaji, nalo lastahili jibu la haki. Jibu letu ni hili: maonyesho na mikutano ya wanataaluma haigawi kazi. Humpa mtu habari, na humkutanisha na watu. Anayeijua tofauti hiyo hurudi nyumbani na kitu mkononi. Asiyeijua hurudi na mfuko wa vipeperushi na miguu iliyovimba.

ZAMANI NA SASA

Mzazi anayeiona Sabasaba kuwa ni matembezi tu asilaumiwe. Siku yenyewe ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU, Julai 7, 1954, na kwa miaka mingi familia zilikwenda uwanjani kutazama mazao na bidhaa za viwanda vyetu, zikala na kurudi. Hapakuwa na haja ya kutafuta kazi huko. Katika miaka ya 1970 na 1980 mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na Serikali. Alielezwa wizara au shirika la umma la kwenda kuripoti, naye akafunga safari.

Utaratibu huo haupo tena. Kijana wa leo hujitafutia mwenyewe, mlango kwa mlango. Na Uwanja wa Mwalimu Nyerere, ulioko Barabara ya Kilwa wilayani Temeke, ni mahali ambapo milango mingi huwekwa pamoja. Maonyesho ya 48, ya mwaka 2024, yaliyoandaliwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade), yalianza Juni 28 hadi Julai 13. Kwa kijana anayekaa Mbagala, kuwafuata waajiri hao mmoja mmoja, Mikocheni, Chang'ombe, Barabara ya Nyerere na Kibaha, kungemgharimu nauli ya miezi.

NANI YUKO NYUMA YA MEZA

Hata hivyo, yafaa kujua nani hasa unayezungumza naye. Katika mabanda makubwa ya mabenki na makampuni, aghalabu utakutana na watu wa masoko na vijana waliochukuliwa kwa siku za maonyesho tu. Kazi yao ni kuuza. Ofisa utumishi, yule anayeajiri, yuko ofisini kwake. Ukimkabidhi muuzaji huyo bahasha yako ya vyeti ataipokea kwa adabu, lakini huenda isifike mbali. Heri umwulize jina la idara inayohusika, jinsi nafasi zao zinavyotangazwa, na ujuzi upi wanaukosa kila wanapotafuta watu.

Kwenye meza ndogo mambo ni mengine. Mtengeneza sabuni, msindika vyakula, mshona viatu vya ngozi, fundi wa mashine za kukamua mafuta, wengi wao wakija chini ya mwavuli wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, husimama wenyewe nyuma ya bidhaa zao. Hapo unazungumza na mwenye mali. Mtu huyo hahitaji kikao cha bodi ili kukuambia uje Jumatatu. Vijana wengi huwapita wakikimbilia mabanda yenye muziki na taa.

Kwa fundi, banda la VETA nalo lisipitwe. Wapo wengi Temeke na Kinondoni waliojifunza uashi, umeme au ufundi magari gereji na mitaani, bila kukaa darasani. Upo utaratibu wa kuwapima watu hao na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao, uitwao urasimishaji wa ujuzi. Kuuliza habari zake ni bure, na cheti hicho chaweza kumfungulia mtu mlango ambao mikono yake pekee haikuweza kuufungua.

Liko jambo jingine ambalo wenyeji wa Temeke hulijua. Kabla ya maonyesho kufunguliwa, mabanda hujengwa, hupakwa rangi, huvutiwa umeme na kupambwa. Huhitajika maseremala, wachomeleaji, wapishi, wapakuzi na wasafishaji. Ajira hiyo ni ya siku chache, lakini ni ajira yenye malipo, na mkandarasi aliyeridhika na kazi yako hulihifadhi jina lako. Kwa mtu wa aina hiyo, Sabasaba huanza katikati ya Juni. Akisubiri hadi Julai 7 atakuta msongamano wa watu, na waonyeshaji waliochoka.

MIKUTANO YA WANATAALUMA

Sabasaba ni ya watu wote. Iko pia mikutano ya watu wa fani moja: Siku ya Wahandisi, ambayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi huiandaa kila mwaka, au mkutano wa mwaka wa wahasibu, ambao Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu imekuwa ikiufanyia kwenye kituo chake cha Bunju, wilayani Kinondoni. Ada za mikutano ya namna hii huwatisha vijana, na sababu yake ni nyepesi: zimepangwa zikimtazama mshiriki anayelipiwa na mwajiri wake. Mfuko wa mtu asiye na kazi haukufikiriwa.

Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote akope fedha, wala familia iuze kitu cha ndani, ili kulipia kiti ukumbini. Zipo njia nyingine. Uliza kama kuna ada ya wanafunzi au ya wahitimu wapya. Jitolee kupokea wageni au kupanga vitabu vya mkutano. Mwenye kazi hiyo huingia bila ada, na washiriki hulijua jina lake. Mara nyingine nje ya ukumbi huwa na maonyesho ambayo hayadai ada ile kubwa. Nawe ukifanikiwa kuingia, usijifiche nyuma ya chumba. Hotuba utaweza kuzisoma baadaye, lakini watu hufahamiana wakati wa chai.

FAIDA YA MTU USIYEMJUA SANA

Kwa nini kufahamiana na mtu kwa dakika tano kuwe na maana? Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilichunguza jambo hili katika mji wa Newton, karibu na Boston, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973 na 1974. Aliwauliza watu waliobadili kazi walipataje habari za kazi mpya. Zaidi ya nusu walizipata kupitia watu waliowafahamu. Ajabu ni kwamba, miongoni mwa hao, chini ya 17 katika kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na mtu waliyeonana naye mara moja moja au kwa nadra.

Sababu yake haihitaji chuo kikuu. Jirani yako wa Tandika anasikia yale yale unayoyasikia wewe. Mtu wa mbali anasikia mengine. Newton si Temeke, na kwetu mjomba na shangazi wangali nguzo kubwa. Lakini hata mjomba hawezi kukueleza nafasi asiyoisikia.

MITEGO

Penye watafuta kazi wengi, matapeli hawakosi. Yeyote anayekudai fedha ya fomu, ya usaili au ya "kushika nafasi" mkimbie. Mwajiri wa kweli ndiye anayelipa. Halipwi na anayetafuta kazi. Binti anayeitwa kwenye usaili hotelini, usiku, asiende, na wazazi wamuunge mkono bila kumsema kuwa anachagua kazi. Kudai mapenzi ili kutoa ajira ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU.

Wala asikudanganye mtu kwamba atakupenyeza serikalini kwa kuwa mlipeana mkono bandani. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na kusailiwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupokewa kwa mtandao kwenye Ajira Portal. Kwenye banda la taasisi ya umma uliza masharti na sifa zinazotakiwa, kisha nenda kaombe kama wenzako.

HESABU YA NYUMBANI

Basi, ndugu mzazi, mwanao anapoomba nauli, mwulize mambo matatu. Anakwenda kuonana na nani? Ataje mabanda matano, si uwanja mzima. Atawaambia nini? Aweze kueleza kwa sentensi mbili anachokijua na anachokitafuta. Atabeba nini? Daftari, kalamu, nakala chache za wasifu wake, na kama ni fundi, picha za kazi alizozifanya. Akiyajibu hayo, mpe nauli. Siku moja iliyopangwa vyema yatosha, au mbili. Akiomba ya siku ya tano, hayo sasa ni matembezi.

Naye akirudi, asilale kabla ya kuandika majina, simu na ahadi alizopewa. Ndani ya wiki moja awaandikie au awapigie wote, awashukuru na kuwakumbusha walizungumza nini. Hapa ndipo wengi huanguka: hutumia siku nzima juani wakikusanya namba, kisha wakaziacha mfukoni mwa suruali hadi zikafuliwa. Asipopata jibu, aulize tena mara moja kwa heshima, kisha aendelee na jina linalofuata. Mwezi wa Agosti, mzazi na mwana wakae wahesabu pamoja: fedha kiasi gani ilitumika, na ni watu wangapi wanaomjua leo ambao Juni hawakumjua.