Uzi gani wa kutupa chambo kikubwa? Soma kwanza mbele ya kununua

Wenye kuvua sangala ao kuhe kwa fimbo na muline pembeni ya Tanganyika wanajua hasara hii: unatupa chambo cha uongo kwa nguvu zote, unasikia "tak!", chambo kinaenda peke yake ndani ya maji. Samaki hata hajagusa. Chambo kikubwa iko bei, na kukipoteza namna hiyo kunauma.

Tatizo mara nyingi ni uzi. Chambo cha gramu 10 hakisumbui. Lakini cha gramu 80 ao 100 kinakimbia mbio sana kikitupwa. Uzi ukikwama kidogo tu kwenye muline, uzito wote unasimama mara moja na uzi unakatika. Kwa hiyo tunachagua uzi kwa kufikiri kutupa kwanza, samaki nyuma.

Aina mbili

Ya kwanza ni nailoni, ule uzi mmoja unaong'aa. Bei yake ni nafuu na inavumilia kusuguana na mawe. Inavutika pia: samaki akiruka, uzi unamfuata bila kukatika. Lakini kule kuvutika kuna ubaya wake. Samaki akiuma mbali, unavuta, na ndoano haiingii vizuri mdomoni.

Ya pili ni uzi wa kusuka. Ni nyuzi ndogo-ndogo zilizosukwa pamoja kama nywele. Hauvutiki karibu hata kidogo, na kwa unene ule ule una nguvu kupita nailoni. Uzi wa kusuka wa kubeba kilo 23 unaweza kuwa na unene wa milimita 0,36 hivi. Nailoni ya nguvu hiyo inafika karibu milimita 0,70. Nailoni nene namna hiyo inajaza muline upesi, inajikunja, na chambo hakifiki mbali. Ndiyo maana kwa chambo kikubwa wengi wanachagua wa kusuka.

LB si kilo

Angalia vizuri maandishi ya kwenye boksi. LB ni kipimo cha Waingereza: LB 1 ni gramu 454 tu. Uzi ulioandikwa 50 LB unabeba karibu kilo 23, hapana kilo 50. Kwa chambo cha gramu 80 mpaka 100, usishuke chini ya 50 LB. Kwa cha gramu 30 ao 40, 30 LB inatosha.

Mbele ya chambo

Uzi wa kusuka unakatika upesi ukisuguana na mawe, na mifuniko ya matamvua ya sangala ni mikali. Funga mbele kipande cha nailoni nene, milimita 0,80 hivi, urefu wa metre moja ao mbili. Kwa wale wa Lualaba wanaotafuta mbenga, nailoni haitoshi: meno yake yanataka kipande cha waya.

Mambo manne ya kukumbuka

Uzi wa kusuka unateleza juu ya muline. Zungusha kwanza nailoni kidogo chini yake.

Lowanisha fundo na mate mbele ya kulikaza. Fundo kavu linapata moto na uzi unachoka.

Usizungushe uzi wa kusuka kwenye mkono. Samaki mkubwa akivuta, unakata kidole kama kisu.

Nailoni inaharibiwa na jua. Iweke kivulini, na ile iliyochoka usiiache ufukoni: haiozi upesi, inafunga ndege na miguu ya watoto.

Kupima bila mashine

Sokoni kuna uzi wenye maandishi ya uongo. Pima mwenyewe na bidoni ya litri 20. Funga uzi kwenye mkono wa bidoni kwa fundo lile lile unalotumia kuvua, upande mwingine uufunge kwenye mti mnene, hapana mkononi. Mimina maji polepole, kisha inua kwa mti ule, miguu yako ikiwa mbali. Litri 20 za maji ni kilo 20. Uzi wa 50 LB ukikatika mbele bidoni haijajaa, angalia palipokatika: ikiwa ni kwenye fundo, funga tena vizuri, upime mara ya pili. Ikiwa ni katikati, uzi ule si wa kutupia chambo kikubwa.