Majirani wa Ghala la Sumu

Katika masomo yetu ya kemia twajifunza namna vitu viwili vinavyochanganyika na kutoa cha tatu. Mara chache twajifunza habari za watu wanaokaa karibu na mahali vitu hivyo vinapowekwa. Mhariri wa gazeti letu amenipa nafasi, nami nimeona vema kueleza jambo hilo, maana lina faida kwa mwanafunzi, kwa mwalimu na kwa mzazi pia. Nitaeleza habari za Marekani, ambako tangu mwaka 1988 hadi mwaka 2023 Serikali ilitoa fedha kuwatayarisha raia kwa ajali ambayo, kwa bahati njema, haikuwafika.

Msomaji ataniuliza: Je, fedha hizo hazikupotea bure? Hilo ndilo swali ninalotaka kulijibu.

Kwanza tuijue sumu yenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, majeshi yalianza kutumia gesi ya haradali huko Ubelgiji. Gesi hiyo huchoma ngozi, macho na mapafu, na mara nyingi mtu hahisi lolote mpaka saa kadhaa zimepita. Mwaka 1936 wataalamu wa Ujerumani waliokuwa wakitafuta dawa ya kuua wadudu waligundua sumu kali zaidi, iliyo ya jamii tunayoiita gesi za neva. Sarini na VX ni za jamii hiyo. Ingawa twaziita gesi, kwa kweli ni vimiminiko vinavyoweza kugeuka mvuke au kurushwa hewani kama ukungu.

Namna zinavyoua ni hii. Neva inapouamuru msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Baadaye kimeng'enya huiondoa kemikali hiyo, na msuli hulegea. Gesi ya neva hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi yake. Basi misuli huendelea kuamriwa bila kupumzika, mpaka ile ya kupumulia inashindwa. Iwapo sumu ni nyingi, mtu huweza kufa katika dakika chache.

Marekani ilitengeneza sumu hizi nyingi sana, zaidi ya tani 27,000. Sehemu iliwekwa katika kisiwa cha mbali cha Johnston, kwenye Bahari ya Pasifiki, na nyingine yote katika maghala ya jeshi mahali panane barani: Maryland, Alabama, Kentucky, Indiana, Arkansas, Colorado, Utah na Oregon. Makombora na mabomu yalipangwa ndani ya vibanda vya zege vilivyofunikwa kwa udongo. Miaka ilipita, na vyuma vya baadhi ya silaha hizo vikaanza kuvuja. Mwaka 1985 Bunge la Marekani liliagiza sumu yote iharibiwe, tena kwa namna itakayowalinda raia.

Hapo ndipo ilipokuja shida, maana sumu haiharibiwi kwa siku moja. Kazi hiyo ingechukua miaka mingi, na katika miaka yote hiyo watu wangekuwa wakilala, wakilima na kupeleka watoto shuleni karibu na maghala. Mji wa Anniston katika Alabama u karibu sana na ghala moja, na mji wa Richmond katika Kentucky vivyo hivyo.

Sasa natoa hesabu moja kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Upepo unavuma kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Nyumba iko kilomita 3 kutoka ghalani. Wingu la sumu litaifikia baada ya muda gani? Jibu ni dakika 15. Lakini dakika hizo si zote za mwenye nyumba. Mlinzi wa ghala lazima atambue kuwa pana ajali. Kisha apige simu. Mkubwa wa wilaya aamue kama watu wakimbie au wajifungie ndani. Ndipo king'ora kilie, mtu asikie, aelewe, akusanye watoto. Ikiwa kila mmoja atachelewa dakika tatu tu, wingu litamkuta mama wa watu bado yuko dirishani akiuliza kelele hizo ni za nini.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1988 jeshi la Marekani, likishirikiana na idara ya Serikali inayoshughulikia maafa, ambayo kwa ufupi huitwa FEMA, lilianzisha mpango wa kutoa ruzuku kwa majimbo na wilaya zilizozunguka maghala yale manane. Ruzuku ni fedha anazopewa mtu au baraza kwa kazi maalumu, wala si mkopo wa kurudishwa. Sheria yake ilikuwa ya haki: sumu ni mali ya jeshi, basi Serikali yenyewe na igharimie usalama wa majirani, isiwaachie wakulima na wenye maduka.

Nchi iliyozunguka kila ghala iligawanywa. Ukanda wa kwanza ulikuwa wa kilomita kama 10 hadi 15 kutoka ghalani, nao ndio uliohitaji kutenda haraka kabisa. Ukanda wa pili ulifuata baada ya huo, na watu wake walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuondoka.

Fedha zilinunua nini? Kwanza, ving'ora vya nje, na redio ndogo za kuwekwa nyumbani ambazo hujiwasha zenyewe na kutoa onyo, hata usiku wa manane. Pili, vituo vya kuongozea shughuli za dharura, pamoja na simu na redio za kuwaunganisha jeshi, polisi na zimamoto. Tatu, mavazi ya kinga na vyombo vya kuwaoshea watu walioguswa na sumu, na mafunzo kwa madaktari na wauguzi, pamoja na matumizi ya atropini, dawa inayopambana na gesi za neva. Nne, mafundisho kwa raia, hata kalenda za ukutani zenye maelezo ya la kufanya. Tano, mazoezi ya kila mwaka, ambapo watu walitenda kana kwamba ajali imetokea kweli.

Napenda kueleza mambo mawili ya sayansi yaliyomo humo. La kwanza ni kujifungia ndani. Raia walifundishwa kufunga madirisha, kuzima mashine za kupitisha hewa, kuingia katika chumba kimoja, na kuziba nyufa kwa plastiki na utepe wenye gundi. Hewa ya nje huingia polepole, na wingu likipita mapema watu husalimika. Lakini hakuna chumba kisichopenya kabisa. Kidogo kidogo sumu huingia, nayo ikiisha kuingia haitoki upesi. Kwa hiyo wingu likishapita, yapasa watu waambiwe wafungue madirisha na kutoka nje. Mtu aliyefundishwa kufunga tu, asifundishwe wakati wa kufungua, amefundishwa nusu.

La pili ni ulinzi wa shule. Watoto mia tano hawawezi kuingizwa katika chumba kimoja na kuzibiwa nyufa kwa utepe. Kwa hiyo baadhi ya shule zilizokuwa karibu na maghala zilifungwa mashine zinazovuta hewa, kuichuja kwa mkaa maalumu, na kuisukuma ndani kwa nguvu. Kanieni ya hewa ya ndani huwa kubwa kidogo kuliko ya nje. Basi penye ufa hewa safi hutoka, wala sumu haiingii. Ni kama mpira wenye tundu: wakati unapotoa hewa, vumbi haliwezi kupenya.

Lakini tusidhani kuwa fedha ziliposhuka tu kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 1996, miaka minane baada ya mpango kuanza, wakaguzi wa Bunge la Marekani waliandika kwamba maandalizi katika Alabama yalikuwa yamerudishwa nyuma na udhaifu wa uongozi. Fedha zilitengwa, lakini wakubwa wa ngazi mbalimbali walikuwa bado wakijadiliana kuhusu vifaa, na wananchi wakingoja. Ruzuku iliyo katika vitabu vya hesabu haimwamshi mtu usiku. Redio iliyo kitandani ndiyo inayomwamsha.

Hatimaye kazi ilikwisha. Mahali pengine sumu ilichomwa katika tanuru. Huko Kentucky watu wengi walikataa katakata jambo la kuchoma, wakadai njia nyingine, na baada ya miaka ya mabishano ilitumika njia ya kuivunja sumu kwa maji na kemikali. Katika Colorado gesi ya haradali ilivunjwa kwa maji ya moto, kisha vijidudu vikapewa kula mabaki yake. Tarehe 7 Julai 2023 kombora la mwisho lenye sarini liliharibiwa Kentucky.

Basi, je, fedha zilipotea? Mimi nasema hapana. Wananchi hawakununua ajali, walinunua dakika. Tena walinunua mazoea: muuguzi aliyefunzwa kumwosha mtu mwenye sumu ataweza kumsaidia mkulima aliyemwagikiwa na dawa ya kuua wadudu, na king'ora cha sumu chaweza kutumika kuonya watu juu ya tufani.

Wala jambo hili si la silaha peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu, na maelfu ya watu walikufa. Majirani wengi hawakujua ghalani mna nini, wala wafanye nini. Baada ya msiba huo Marekani ilitunga sheria mwaka 1986. Wenye viwanda walitakiwa kutangaza kemikali hatari walizo nazo, na kila eneo liwe na kamati ya zimamoto, waganga, wenye viwanda na raia ili kupanga la kufanya. Sheria nyingine, ya mwaka 1990, iliweka ada kwa wanaosafirisha vitu vya hatari, na fedha hizo hutolewa kama ruzuku ya kupanga na kufundisha waokoaji.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo maghala ya namna zetu: ya petroli, ya gesi ya kupikia, ya dawa za mashamba. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka huko Embakasi, Nairobi, katikati ya nyumba za watu. Wengine walikufa, na zaidi ya mia mbili waliumia. Baadaye mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema maombi ya kibali cha kituo hapo yalikuwa yamekataliwa.

Maswali matatu hayahitaji ruzuku. Ghala lililo jirani yetu lina nini? Likiwaka au kuvuja, nani atatuambia, na kwa ishara gani? Tukimbilie wapi, kwa kufuata upepo wa siku hiyo? Wazazi wanaweza kuyauliza katika mkutano wa mtaa, nao wana haki ya kujibiwa.

Tuanze na hapa shuleni. Stoo yetu ya maabara ina tindikali, spiriti na vitu vingine vinavyoweza kuunguza na kuwaka. Orodha yake nimeibandika mlangoni, pamoja na mchoro wa mahali pa kukusanyika. Naomba kila mwanafunzi aisome kabla ya shule kufungwa. Muhula ujao, siku nisiyoitaja, kengele italia, nami nitasimama uwanjani na saa mkononi.