Trekta Iko kwa Fundi Uani: Pesa Itoke Lini?

Mvua ya masika ikikaribia, kule Uasin Gishu na Trans Nzoia kila trekta inatafutwa, zile mpya na zile zilizozaliwa kabla ya mwenye shamba. Ndipo watu wanagundua kwamba magurudumu ya mbele yanacheza, plau imepasuka mahali, au silinda ya haidroliki inavuja mafuta. Na mara nyingi anayeitwa si wakala mkubwa wa mjini. Anaitwa fundi mwenye karakana nyumbani kwake: paa la mabati, mashine ya kuchomelea, winchi ya mnyororo imening'inia kwenye boriti, na kama mambo yamemwendea vizuri, mashine ya kukerezea vyuma aliyoinunua mtumba.

Fundi huyu hatengenezi tu, anaunda. Spea ikikosekana dukani, anakata chuma, anakikereza, anatoboa, na kesho kutwa trekta iko shambani. Kazi ya namna hii ina historia ndefu kwetu. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika ripoti yake kuhusu Kenya mwaka wa 1972, lilisema wazi kwamba biashara hizi ndogo zisizo rasmi ni uchumi wa kweli wala si watu wa kufukuzwa barabarani. Leo ukipita Kamukunji au Kariobangi Light Industries utaona ukubwa wake. Uani kwa fundi wa kijijini utaona kitu kile kile, ila kuku wanapita katikati.

Sasa tuje kwa pesa. Wateja wetu wengi huuliza swali moja: nitume yote, au nusu? Jibu letu litawashangaza baadhi yenu. Hata hiyo nusu hatuipendi.

Ile desturi ya "nusu mwanzo, nusu mwisho" inaonekana ya haki, lakini haina uhusiano wowote na kazi yenyewe. Kama chuma kinagharimu zaidi ya nusu ya bei, fundi hawezi kuanza, kwa hivyo anangoja mteja mwingine alete dipoziti ndiyo anunue chuma chako. Kama chuma ni robo tu ya bei, pesa inayobaki mkononi mwake inaenda kumaliza kazi ya mteja wa wiki iliyopita, au kulipa karo. Hapo ndipo zile "kesho, kesho" huzaliwa. Mara nyingi fundi hajala pesa yako. Ameinunulia chuma cha mtu mwingine, na sasa anangoja mtu wa tatu akununulie chako. Akikosekana huyo wa tatu, trekta yako inakaa uani bila magurudumu ya mbele na mvua inanyesha.

Dawa yake ni kulipa kulingana na hatua za kazi, na kila hatua iwe na meseji yake kwenye simu.

Bei kabla ya kufungua ni kukisia

Tuchukue kazi moja ya kawaida. Kwenye trekta nyingi za zamani, kama Massey Ferguson, ekseli ya mbele imeshikwa katikati na pini moja nene, ili ekseli iweze kuyumba juu na chini trekta ikipita kwenye matuta. Pini hiyo hukaa ndani ya bushi. Ikikosa grisi, vumbi linaingia, na vumbi na chuma vikisuguana ni kama msasa. Pini inalika, bushi inalika, usukani unaanza kutangatanga na matairi yanakwisha upande mmoja.

Ukimwita fundi aiangalie kwa nje, atakwambia "pini na bushi". Atataja bei. Lakini hajui bado kama tundu lenyewe linaloshika bushi limepanuka na kuwa la umbo la yai. Kama limepanuka, pini mpya haitasaidia chochote. Itacheza vile vile baada ya wiki mbili. Tundu litahitaji kujazwa kwa kuchomelea kisha kuchongwa upya, au kupanuliwa zaidi liwekewe bushi nene. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanza: mteja anasema "ulinidanganya bei", fundi anasema "sikuwa nimefungua".

Kwa hivyo lipia kufungua na kupima peke yake. Kiasi kidogo tu. Kwa mfano, shilingi 1,500. Fundi anafungua mbele yako, anapima kwa kalipa, mnaona wote, anapiga picha, na hapo ndipo mnataja bei ya kazi. Mkishindwana, unamlipa muda wake na kutafuta mwingine, hakuna ubaya. Mkikubaliana, mwandikie meseji ya kawaida palepale: kazi ni gani, vipimo ni vipi, chuma ni cha nani, bei ya mikono, na siku ya kumaliza. Mwache ajibu "sawa". Meseji hiyo ikikaa pamoja na zile za malipo, mna mkataba, hata kama hakuna aliyetia sahihi.

Pesa ya chuma iende kwa muuza chuma

Hii ndiyo hatua tunayoipenda zaidi, na ndiyo watu wengi huiruka. Kama mnaweza, usimtumie fundi pesa ya vifaa. Akuambie anachotaka, aende dukani, akupe namba ya till ya duka, ulipe moja kwa moja. Jina la duka linatokea kwenye simu yako kabla ya kukubali malipo, lisome. Risiti ibaki na fundi, picha yake ije kwako.

Si ati hatumwamini fundi. Njia hii inamlinda yeye pia, kwa sababu hakuna atakayesema alipandisha bei ya chuma.

Risiti iandike aina ya chuma, kipenyo na urefu. Hapa tuseme ukweli: si kila chuma cha mviringo kinafaa kuwa pini. Nondo ya mjengo au chuma laini cha kawaida kinaweza kupakwa rangi kikapendeza, kisha kikapinda au kikalika upesi. Pini ya mzigo inataka chuma cha shafti; wauzaji wengi wa vyuma wanajua ukitaja EN8, au EN24 kwa kazi ngumu zaidi.

Na unaweza kuhakikisha uzito bila mizani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa milimita, kisha ugawanye kwa 162. Unapata kilo kwa kila mita. Kipande cha milimita 50: 50 mara 50 ni 2,500, gawanya kwa 162 ni kama kilo 15.4 kwa mita. Kwa hivyo sentimita 30 ni kilo 4 na nusu hivi. Ukiambiwa umelipia kilo 9 za kipande hicho, uliza swali. Lakini usimgombeze fundi akinunua kinene kuliko pini iliyokamilika. Ili apate milimita 45 safi lazima aanze na kikubwa zaidi, na kile kinachotoka ni vipande vya kufagia.

Kama ananunua chuma chakavu, mwambie akinunue kwa mwenye leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ni ya 2015, na wengi wenu mnakumbuka Januari 2022 biashara hiyo iliposimamishwa nchi nzima baada ya nyaya na nguzo za stima kuhujumiwa. Chuma kisicho na asili kinaweza kukuletea polisi kabla ya kukuletea pini. Ukikilipia kwa simu, una tarehe na jina la aliyekiuza.

(Na tukiwa hapo kwa pini: hiyo ya trekta mwonyeshe kila fundi unayetaka. PIN ya simu yako usimwonyeshe mtu, hata kama mikono yako imejaa grisi na yeye amejitolea kukubonyezea.)

Pesa ya mikono, na kwa nini usiipunguze

Chuma kikishanunuliwa, inabaki kazi. Gawanya pesa ya mikono mara mbili: sehemu moja pini na bushi zikiwa zimekerezwa na zimepimwa mbele yako, ya mwisho trekta ikiwa imefungwa na kujaribiwa. Katika mfano wetu, kama chuma ni 5,200 na mikono ni 7,000, basi hesabu ni 1,500 ya kufungua, 5,200 kwa duka, 3,500 ikikerezwa na 3,500 ya mwisho. Jumla 13,700. Ni mfano tu, bei za kwenu zitatofautiana. Angalia lakini: hakuna wakati wowote ambapo fundi anashikilia pesa nyingi ya kazi ambayo hajaifanya, wala wewe hushikilii kazi kubwa ambayo hujailipia.

Watu hupenda kupunguza hii ya mikono kwa sababu chuma kinaonekana na ujuzi hauonekani. Basi tazama anavyofanya. Fundi mzuri hutoa waya za betri kabla ya kuchomelea kwenye trekta. Huweka kibanio cha ethi karibu kabisa na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na kuziharibu. Rodi zake za 7018 hazikai kwenye unyevu, kwa sababu rodi hizo zikinyonya maji, mshono unaweza kupasuka baadaye ukiwa na mzigo. Hachomelei tangi lililowahi kuwa na mafuta kabla halijasafishwa kabisa. Akitafuta mahali haidroliki inapovuja, anapitisha kipande cha kadibodi, si kidole: mafuta yenye presha kubwa yanaweza kupenya ngozi kupitia tundu usiloliona, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama halionekani kubwa. Ukimwona fundi wa hivyo, mlipe. Yule wa bei nusu anayeingia chini ya trekta iliyoinuliwa kwa jeki moja tu, bila stendi wala gogo, utamlipia kwa njia nyingine.

Fundi naye ajilinde

Tumeongea sana na mwenye trekta. Wewe fundi, msikilize sasa na wewe upande wako.

Pesa iingie kwenye till au laini ya biashara, si ile laini ambayo mke, watoto na chama wote wanaitumia. Mwisho wa mwezi utajua kama karakana inakulisha au wewe ndiye unailisha. Toa rodi, diski za grinda na tokeni za stima kwenye laini hiyo hiyo. Mafundi wengi hushangaa wakiona stima imekula kiasi gani siku za kuchomelea.

Mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake na kusema "nimeshatuma boss", usifungue geti. Angalia simu yako mwenyewe, uone salio limepanda. Meseji bandia huja kutoka namba ya kawaida, huwa na maandishi yanayofanana sana na yetu, lakini salio halibadiliki. Wala usikubali lile la "network iko chini, itafika njiani". Trekta ingoje nayo.

Na ukipigiwa simu na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, ati kuna malipo ya mteja yamekwama na unatakiwa kutaja PIN ili yaachiliwe, kata. Pesa kuingia kwako haihitaji PIN yako kamwe.

Mteja akipotea na mashine yake ibaki uani miezi, usiiuze kienyeji. Kuna sheria ya mali isiyochukuliwa, Cap 38, na inataka mwenyewe apewe notisi kwanza. Mkikosana kwa pesa, aliyekosewa anaweza kwenda Korti ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Si lazima uwe na wakili, kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na korti hiyo haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi. Ukifika pale na meseji ya makubaliano, picha ya tundu lililolika, risiti ya chuma na taarifa ya malipo kutoka kwetu, hadithi yako inasimama kwa miguu yake. Taarifa hiyo unaiomba kwenye menyu ya simu. Omba ya miezi yote kazi ilipofanyika.

Siku ya kujaribu, usitume pesa ya mwisho trekta ikiwa imesimama kwenye zege. Iendeshe shambani na plau nyuma, igeuze kushoto na kulia, ipitishe kwenye tuta. Kisha iegeshe, inua mbele kwa jeki na usukume gurudumu kwa mkono. Likitulia, tuma palepale, hata kabla ya chai. Halafu muulize fundi grisi inaingilia wapi na ni kila baada ya saa ngapi za kazi, na dereva awe amesimama hapo akisikia.