Kina cha Jaruba la Chumvi

Katika pwani ya Bagamoyo, kuanzia Nunge karibu na mji hata Saadani, maji ya bahari huingizwa katika majaruba, kisha huachwa juani mpaka chumvi ibaki. Mwanafunzi wa Makurunge, kwenye njia iendayo Saadani, akilitazama jaruba lililojaa maji ataona umbo alilokwisha kulichora darasani: mche mstatili, wenye urefu, upana na kina.

Urefu na upana hupimwa kwa utepe. Kina ndicho chenye taabu, kwani sakafu ya udongo haiko sawa, na rula ikisimamishwa mahali pawili hutoa majibu mawili. Hata hivyo, mjao wa maji waweza kujulikana penye pampu. Tuchukulie kwamba pampu hujaza pipa la lita 200 kwa sekunde 24. Kwa dakika moja itatoa lita 500, na kwa saa moja lita 30,000. Kwa kuwa lita 1,000 ni sawa na mita moja ya ujazo, jaruba limepokea mita za ujazo 30.

Twajua kwamba:

Mjao = urefu × upana × kina

Kwa hiyo:

Kina = mjao ÷ (urefu × upana)

Ikiwa jaruba lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, kina cha wastani ni 30 ÷ 300 = mita 0.1, yaani sentimita 10. Mwanafunzi aliyesahau kugeuza lita atagawanya 30,000 kwa 300 na kupata mita 100, kina ambacho kingeizamisha minazi yote ya pwani!

Je, hesabu hii ina faida gani kwa mvuna chumvi? Maji hugeuka mvuke kwenye uso wake tu. Tukikadiria kwamba milimita 5 hukauka kila siku, milimita 100 zitahitaji siku 20. Maji yale yale yakitandazwa katika jaruba la mita 20 kwa 30, kina kitakuwa sentimita 5, na siku zitakuwa 10. Chumvi haipungui: kila mita ya ujazo ya maji ya bahari hubeba takriban kilo 35 za chumvichumvi, hivyo mita 30 hubeba kiasi cha tani moja. Ni kweli kwamba maji yakizidi kukolea hukauka polepole zaidi, na siku huongezeka. Lakini masika huanza mwezi Machi, na mvua moja kubwa yaweza kuyeyusha kazi yote. Siku 10 zilizookolewa si jambo dogo.

Zoezi: Maji hayo hayo yamewekwa katika jaruba lenye urefu wa mita 25, nayo yana kina cha sentimita 8. Tafuta upana wake. Ukipata mita 15, umefaulu.